Majaribio ya matibabu hapa Nairobi: maswali ya kuuliza kabla hujatia sahihi, na kabla hujakimbia

#1 SistaEastlands

Wadau, salamu.

Kuna sauti inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ya mama anayesema watu wa Mathare na Korogocho wamegeuzwa panya wa maabara. Nimetumiwa na majirani, nimetumiwa na watu wa kanisani, hadi mama mboga wangu ameniuliza kama ni kweli.

Mimi ni muuguzi wa utafiti. Kazi yangu kubwa ni kuketi na mtu, fomu ya idhini iko mezani, tunaisoma ukurasa baada ya ukurasa kabla hajaamua kuingia au kwenda zake. Sikuja kutetea kampuni yoyote ya dawa. Nimekuja kwa sababu naona tunaogopa pasipo na nyoka, na penye nyoka tunapita tukipiga mluzi.

Tuanze na hili: jaribio hufanywa kwa sababu madaktari hawajui. Wangekuwa wanajua, hakuna kamati ingewaruhusu kugawa wagonjwa makundi mawili. Na mara nyingi kile wasichokijua ni kitu ambacho tayari wanakifanya kila siku wodini.

Mfano ninaoupenda ni wa hapa hapa Afrika Mashariki. Mtoto analetwa usiku, ana homa kali, mikono na miguu baridi, anapumua kwa shida. Kwa miaka mingi mafunzo yalisema: mfungulie maji ya dripu kwa kasi. Nani angebisha? Hata mlinzi wa getini angekwambia mtoto anahitaji maji. Basi kati ya 2009 na 2011 likafanyika jaribio la FEAST, likiongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa KEMRI-Wellcome Kilifi (KEMRI ni taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya), katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 waligawanywa makundi matatu: mawili yalipewa maji ya haraka, ya chumvi au ya albumini (protini ya damu), na kundi la tatu halikupewa dripu ya kasi, lilipewa matibabu mengine yote ya kawaida. Wengi walilalamika kwamba hilo kundi la tatu linanyimwa haki.

Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati. Katika saa 48, waliokufa kwenye makundi ya maji ya haraka walikuwa asilimia 10.6 na 10.5. Kwenye kundi la tatu, asilimia 7.3. Wale "walionyimwa" ndio waliopona zaidi.

Sasa fikiria kabla ya 2011. Kila aliyefungulia mtoto kama huyo dripu ya kasi alikuwa anafanya jaribio vilevile, ila lisilo na daftari, lisilo na kamati, na mzazi hakuulizwa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko fomu yenye kurasa 14.

(Kabla mtu hajakimbia na hii: watoto wa kuhara, wa utapiamlo mkali na walioungua moto hawakuwa kwenye FEAST. Mtoto wako akihara, maji apewe, na hospitali umpeleke.)

---

#2 Kijana_Rongai

Sista umeongea vizuri lakini umeruka Kano. 1996, homa ya uti wa mgongo imelipuka Nigeria, Pfizer wakaja na dawa yao Trovan. Watoto 200, nusu wakapewa Trovan, nusu seftriaksoni, dawa iliyokuwa inajulikana tayari. Watoto 11 wakafa na wengine wakabaki na ulemavu. Wazazi wakasema hawakuambiwa ni jaribio. Mwaka 2009 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 75 ili kesi ya jimbo la Kano iishe. Na Tuskegee kule Marekani je? 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende wanaangaliwa tu wakiozea, na penisilini ipo. Hao wote walikuwa na makoti meupe na kalamu mfukoni kama wewe.

Kwa hivyo mtu wa Mathare akiogopa, usimwambie anaogopa pasipo na nyoka.

---

#3 SistaEastlands

Kijana, hapo sina ubishi, na afadhali umeyaleta wewe mapema.

Lakini tazama Kano kwa karibu. Kati ya wale 11, watano walikuwa upande wa Trovan na sita upande wa seftriaksoni. Homa ya uti ni muuaji, na kwa hesabu hiyo pekee huwezi kusema dawa ndiyo iliyowaua. Uovu ulikuwa kwingine: jopo la serikali ya Nigeria lilisema jaribio halikuwa halali, na wazazi walio katikati ya mlipuko, na mtoto anazimia mikononi, hawakuelezwa wana njia gani nyingine. Na Tuskegee hawakujaribu dawa yoyote. Waliwaacha wagonjwa bila tiba na kuwadanganya. Katika visa vyote viwili kilichokosekana ni mtu wa tatu mwenye nguvu ya kusema "simama".

Hapa Kenya leo, kabla sijamgusa mtu, lazima kuwe na kibali cha kamati ya maadili, kwa mfano ile ya Hospitali ya Kenyatta (KNH) na Chuo Kikuu cha Nairobi au ile ya KEMRI. Kisha Bodi ya Dawa na Sumu, PPB, ikubali dawa yenyewe na jaribio lenyewe. Kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Washiriki wawe na bima. Na kwa majaribio makubwa kuna kamati huru inayofungua takwimu katikati ya safari, sisi tukiwa gizani, na inaweza kupiga kengele. Ndiyo iliyosimamisha FEAST.

Mifumo hii inaweza kuzembea? Ndiyo, kama mfumo wowote unaoendeshwa na binadamu. Ndiyo maana nataka watu waijue, wawasumbue.

---

#4 MzeeMagoti

Wanangu, mimi nimesoma tu nikinyamaza, lakini sasa niulize. Hayo ni ya dawa. Na upasuaji? Mimi nina magoti mabovu, hii ya uzee, gegedu limelika. Hospitali moja ya kibinafsi imeniambia watoboe waingize kamera, wasafishe ndani ya goti. Bei waliyonitajia nusura nikae chini, na goti lenyewe halikubali kukaa. Upasuaji nao hujaribiwa kama dawa? Huwezi kumpa mtu upasuaji wa uongo.

---

#5 MwanafunziWaTiba

Shikamoo mzee. Kumbe wanaweza, na goti ndilo mfano maarufu kuliko yote.

Mwaka 2002 huko Houston, Marekani, daktari wa mifupa Bruce Moseley na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 180 wenye ugonjwa huo huo wako. Kundi la kwanza walikwanguliwa na kusafishwa ndani ya goti. La pili walioshwa kwa maji tu. La tatu walipelekwa chumba cha upasuaji, wakapewa dawa ya kulala, wakachanjwa ngozi, daktari akaitisha vyombo vyote na maji yakamwagwa ili isikike kama kazi inaendelea, wakashonwa. Ndani ya goti hakuna kilichoingia. Wote walikuwa wameandika kwa mkono wao kwamba wanaelewa wanaweza kuangukia huko.

Walifuatiliwa miaka miwili. Hakuna wakati wowote ambapo waliofanyiwa upasuaji wa kweli walikuwa na maumivu machache kuliko wale wa uongo. Hata Finland mwaka 2013 walifanya kitu kama hicho kwa meniskasi, ile gegedu ya katikati ya mifupa ya goti, iliyochanika kwa uzee, wagonjwa 146, matokeo yakawa yale yale.

Mzee, sisemi usitibiwe. Haya hayahusu goti lililoumizwa mpirani wala lile lililokwama lisikunjuke, wala upasuaji wa kubadilisha goti zima, hiyo ni habari nyingine. Lakini ukirudi kwa huyo daktari, muulize hivi: "Kwa goti kama langu, utafiti unaonyesha kusafisha kunashinda mazoezi na kupunguza uzani?" Kisha umwangalie usoni.

---

#6 MzeeMagoti

Marahaba mwanangu. Yaani mtu alishonwa bure na bado akatembea vizuri! Mama watoto amecheka hadi chai imemwagika. Nitauliza.

---

#7 BintiPumwani

Mimi nimezaliwa Majengo, Pumwani. Utafiti kwetu si habari ya WhatsApp, ni habari ya nyumbani. Tangu 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Canada, wamekuwa wakiwafuatilia wanawake wa kazi ya ngono mtaani kwetu, na wakagundua kuna baadhi ambao virusi vya UKIMWI havikuwashika miaka nenda miaka rudi. Kinga ya akina mama hao ilisaidia kuelekeza chanjo iliyoanza kujaribiwa Nairobi mwaka 2001 chini ya KAVI, mradi wa Kenya wa chanjo ya UKIMWI. Chanjo haikufua dafu, lakini dunia nzima imejifunza kutoka Majengo. Barabara zetu mnazijua zilivyo.

Shida yangu si panya wala sumu. Utafiti mmoja, sitautaja, ulikuja ukakaa na sisi, tukaitwa mikutano, tukapewa soda, tukatolewa damu, wakaondoka. Matokeo? Mpaka leo. Kwenye kompyuta za Ulaya pengine yamo. Kwetu hayajafika. Na dawa ikifaulu itauzwa bei ambayo mama wa Majengo hawezi. Sista, hiyo ndiyo nyoka.

---

#8 SistaEastlands

Binti, ungekuwa hapa ningekununulia chai ya maziwa. HAYO ndiyo maswali. Hayahitaji shahada: mkimaliza, sisi tuliokuwa kundi la kulinganishwa tunapata nini? Ikifaulu, hapa mtaani itafika lini na nani atalipa? Matokeo mtatuletea kwa njia gani? Kamati za ushauri za jamii ziliwekwa kwa ajili hii, ila nyingi zimegeuka za kusainia posho.

Inawezekana kufanywa vizuri, tena hapa kwetu. Kisumu walijaribu kama tohara inapunguza maambukizi ya HIV. Huo nao ni upasuaji, mzee Magoti. Wanaume 2,784 wa miaka 18 hadi 24, nusu watahiriwe mara moja, nusu wasubiri miaka miwili. Desemba 2006 kamati huru ikafungua hesabu: waliotahiriwa 22 walikuwa wameambukizwa, waliosubiri 47. Jaribio likasimamishwa hapo hapo na wale waliokuwa wanasubiri wakapewa nafasi ya kutahiriwa. Halafu ikawa huduma ya serikali, bure.

Au KEN SHE, ya chanjo ya HPV inayozuia saratani ya mlango wa kizazi. Wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, hapa Nairobi, Thika na Kisumu. Swali lilikuwa kama dozi moja tu inatosha. Lile kundi la kulinganishwa hawakudungwa maji matupu, walipewa chanjo ya kuzuia homa ya uti wa mgongo, nayo ni faida, na baadaye wakapewa ya HPV pia. Dozi moja ilikinga kwa asilimia 97.5 katika miezi 18 ya mwanzo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaanza kukubali dozi moja, na ushahidi wa wasichana wetu ulikuwa mezani. Kwa nchi maskini dozi moja badala ya mbili au tatu ni pesa nyingi mno.

---

#9 Kijana_Rongai

Sawa, hiyo ya KEN SHE sikuijua. Lakini damu. Mbona damu nyingi hivyo? Watu wanasema inauzwa.

---

#10 SistaEastlands

Damu, damu, damu. Nikistaafu nitaandikiwa hilo kwenye kadi ya kuagwa.

Kile kichupa chenye kifuniko cha zambarau unachokiona kinabeba kati ya mililita 2 na 4 kwa kawaida. Tukijaza vichupa vitatu, jumla ni kama mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai. Ukienda kuchangia damu unatoa mililita 450 na unarudi nyumbani na soda. Ila nakubali: mtu akiona vichupa vitatu vyekundu vimepangwa kwenye kibao, anaona lita. Siku hizi mimi huanza kwa kumwonyesha kijiko chenyewe.

Kitu cha kuuliza kuhusu damu ni hiki: itahifadhiwa? Miaka mingapi? Itapelekwa nje ya nchi? Itatumika kwa utafiti mwingine ambao sijaelezwa? Kwenye fomu sehemu hiyo huwa na visanduku vyake vya ndiyo na hapana. Unaweza kukubali utafiti na ukakataa damu yako kuwekwa. Watu wengi huweka alama ya ndiyo bila kusoma kwa kuwa wameshachoka na kurasa.

---

#11 MwalimuMstaafu

Nyinyi vijana hamkumbuki Kemron. Mwaka 1990, Rais Moi mwenyewe akaizindua, dawa ya UKIMWI imepatikana KEMRI! Nilikuwa nafundisha Kaloleni. Siku hizo jina la ugonjwa tu lilikuwa linanyamazisha chumba, na ghafla tukaambiwa Mkenya ndiye aliyeushinda. Wamarekani walipanda ndege kuja Nairobi kuitafuta. Tulijivuna, na ukihoji unaitwa msaliti.

Kumbe ule utafiti wa kwanza haukuwa na kundi la kulinganisha. Wagonjwa walipewa interferoni, protini ya kinga ya mwili, kidogo mdomoni, wakasema wanajisikia vizuri, basi. Lilipofanyika jaribio kamili Uganda, baadhi wakipewa dawa na baadhi plasebo, yaani dawa ya uongo, na hakuna anayejua nani amepata nini, faida haikuonekana. Waliouza mashamba kuinunua hawakurudishiwa.

Kwa hivyo mimi nikisikia "wametugawanya makundi, huu ni ubaya", nakumbuka kile kilichotokea bila kugawanywa.

---

#12 MwanafunziWaTiba

Mwalimu asante. Niongeze upande wa malaria ili tusiseme plasebo tu. AQUAMAT, 2010: watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika. Hakuna aliyekosa dawa. Nusu kwinini, nusu atesuneti. Waliokufa kwa kwinini asilimia 10.9, kwa atesuneti 8.5. Leo ukimleta mtoto na malaria kali atadungwa atesuneti na hakuna anayekuuliza. Kwa magonjwa yanayoua, kundi la kulinganishwa kwa kawaida hupewa tiba bora iliyopo.

---

#13 MamaWawili_Kayole

Dada Sista, mimi niko na swali la kawaida tu. Mdogo wangu ni mjamzito, kliniki wanaenda kuanza utafiti wa kutokwa damu baada ya kujifungua. Ameogopa, anasema atazaa nyumbani kwa mkunga wa mtaa. Nimwambie nini?

---

#14 SistaEastlands

Mama, kwanza kabisa asizalie nyumbani kwa kuogopa karatasi. Akikataa utafiti, huduma ya kawaida anapata ile ile, hiyo ni haki yake. Kukataa hakuhitaji sababu, na hata akishaanza anaweza kuacha siku yoyote.

Pili, si kila jaribio ni kumeza kitu kipya. Kuna lililoitwa E-MOTIVE, matokeo yakatoka 2023: hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kina mama zaidi ya 210,000. Dawa zilikuwa zile za siku zote. Kilichobadilika ni kwamba mama akishajifungua anawekewa chini karatasi ya plastiki yenye mfuko, na mfuko una mistari ya vipimo. Zamani sisi wauguzi tulikuwa tunakadiria damu kwa macho, shuka imelowa kiasi gani, na macho hudanganya, hasa usiku. Sasa damu ikifika mstari, hakuna mjadala: unakanda tumbo, sindano ya kukaza mji wa mimba, asidi ya traneksamiki (dawa ya kuzuia damu kuvuja), dripu, unachunguza inatoka wapi, vyote kwa pamoja badala ya kimoja kimoja ukisubiri. Kutokwa damu kwingi sana, upasuaji na vifo vitokanavyo, ukivijumlisha, vilipungua kwa asilimia 60.

Mdogo wako aombe nakala ya fomu kwa Kiswahili aende nayo nyumbani. Hakuna anayelazimika kutia sahihi siku hiyo hiyo, ingawa kwenye tafiti za dharura uamuzi hutakiwa haraka. Aangalie kama kuna nambari mbili za simu, ya mtafiti na ya kamati ya maadili, na hiyo ya pili aipige aone kama inashikwa. Aulize ni nini kitaamua yuko kundi gani. Akijibiwa "daktari atakuchagulia linalokufaa", huyo aliyemjibu hajaelewa kazi yake, kwa sababu ni kompyuta au bahasha iliyofungwa inayochagua. Kama hajui kusoma, lazima awepo shahidi asiye wa utafiti kabla ya kuweka dole gumba. Na jina la jaribio alitafute, PPB wana sajili yao mtandaoni, na ya Afrika inaitwa PACTR. Kusoma ni bure.

---

#15 Kijana_Rongai

Haya basi, la mwisho na sitaki mnicheke. Binamu yangu ameingia tafiti mbili, moja huku na nyingine kule mjini. Nauli anachukua zote mbili. Kila upande hawajui. Iko na shida?

---

#16 SistaEastlands

Iko na shida, na ni kwake kwanza. Kama zote mbili zina dawa, hakuna anayejua zinapatanaje mwilini, na akipata madhara usiku daktari wa zamu atatibu kitu cha nusu. Damu pia anatoa mara mbili, na hapo vile vijiko vyangu vinaanza kuwa vingi. Vituo vingine vimeanza kuchukua alama za vidole kwa sababu ya watu kama yeye.

Hatakamatwa. Aende kituo kimoja, chochote, na kadi zote mbili za utafiti mkononi, aseme. Watamtoa upande mmoja na kumfuatilia mpaka wahakikishe yuko sawa. Na asiache kumeza chochote kwa ghafla kabla ya kuongea nao. Nauli ya siku hiyo aiulizie vilevile.

---

#17 Kijana_Rongai

Nimemtumia huu uzi. Anasema kadi moja imepotea.

---

#18 SistaEastlands

Nambari yake ya mshiriki iko kwenye nakala yake ya fomu ya idhini. Kama na hiyo amepoteza, aende na kitambulisho.